Maji Kabla ya Kiu: Neno kwa Wenye Mijengo na Wafanyao Kazi Juani Tassia

Wapendwa wa Tassia, fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Kisa cha mwanamke wa Shunemu tumezoea kukihubiri kwa ajili ya mwujiza wake wa mwisho: nabii Elisha amemlalia mtoto aliyekufa, mwili umepata moto, mtoto amepiga chafya mara saba na kufumbua macho. Tunapiga makofi, tunaimba, tunakwenda nyumbani. Leo nawaomba tusikimbilie huko. Tubaki kwanza shambani, asubuhi ya mavuno. Mtoto amemfuata baba yake kwa wavunaji. Mara anashika kichwa, analia kwamba kinamuuma. Baba anamwagiza mtumishi ambebe ampeleke kwa mama yake. Anabebwa. Anaketi magotini pa mama mpaka adhuhuri, kisha anakufa.

Maandiko hayautaji ugonjwa ule. Lakini mavuno ya nafaka kule huja mvua ikishakatika na jua likishawaka, na yeyote aliyebeba karai la zege mwezi wa Februari anakijua kichwa cha namna hiyo. Mimi nasema lilikuwa jua. Na kila nisomapo kisa hiki, anayenichoma moyo ni yule baba. Mwanawe analia, naye anatoa amri ya maneno machache na kurudi kwa mavuno yake. Hakufuata nyuma. Hata mkewe alipomwomba punda na mtumishi ili amkimbilie nabii, mume alishangaa tu: mbona uende leo, na si mwandamo wa mwezi wala si sabato? Habari ya mtoto hakuuliza. Someni wenyewe muone. Hakuuliza!

Ndugu zangu, baba yule yuko Tassia. Ana ploti, ana ramani ya ghorofa sita, ana mkopo wa benki unaomnyima usingizi. Saa nne za asubuhi anafika na gari lake, anahesabu mifuko ya saruji, anauliza slabu ya tatu itamwagwa lini. Akiambiwa kuna kijana ameanguka pale kwenye kokoto, anasema apelekwe nyumbani akapumzike, na aitwe mwingine. Mwingine yupo tayari. Amesimama langoni tangu alfajiri pamoja na wenzake, wakiomba kazi ya mtu wa mkono. Mavuno yanaendelea.

Nairobi imejisifia ubaridi wake kwa muda mrefu mno. Ni kweli mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Julai tunavaa makoti. Lakini kuanzia Januari hadi Machi mji hubadilika. Tuko karibu na ikweta, na katikati ya Machi jua la saa sita hupita utosini hasa, hata mtu hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Kipimajoto hufika nyuzi 28, siku nyingine 30, na hicho ni kipimo kinachochukuliwa kivulini. Juu ya slabu ya nne hapa Tassia kuna kivuli gani? Miti tumeikata au hatukuipanda. Kuna mabati, kuna kuta za mawe zinazorudisha joto usoni, kuna vumbi la udongo mweusi wa Embakasi uliopasuka kwa kiu. Kisha huja zile siku za kuelekea masika, mawingu yanakusanyika na hayanyeshi, hewa inakuwa nzito. Hizo ndizo siku mbaya kuliko zote. Mwili wa mtu hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho hudondoka bila kukauka, na mwili unaendelea kupanda joto huku mwenyewe akidhani kwamba kwa kuwa anatokwa na jasho yuko salama. Mungu alituumba tukae kwenye nyuzi 37. Joto la ndani likifika 40, mtu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, na kutoka hapo hadi kaburini si mbali.

Sasa nawapeleka kwenye siku ya kumwaga slabu, maana hiyo ndiyo siku ya hukumu kwa mwenye mjengo. Mashine ya kuchanganya zege inaanza kunguruma asubuhi. Kokoto, mchanga, saruji, maji. Karai linapita mkono kwa mkono, wilbaro zinapanda ubao mwembamba, mafundi wanasawazisha kwa mbao ndefu. Ukianza huachi, kwa sababu zege likimwagwa nusu likaganda, nusu ya pili haishikamani nayo sawasawa na slabu inabaki na udhaifu. Kwa hiyo vijana huenda moja kwa moja, saa sita inawakuta, saa nane inawakuta, chakula ni mkate na soda iliyonywewa kwa kusimama. Ukimuuliza msimamizi atakujibu kwamba zege halingoji. Anasema kweli. Lakini sikilizeni lile asilolisema.

Slabu ile ikishamwagwa, kesho yake inaanza kunyweshwa maji. Inamwagiwa asubuhi, inamwagiwa jioni, siku zisizopungua saba, wengine huitandikia magunia mabichi au karatasi ya nailoni ili unyevu usitoroke. Kwa nini? Kwa sababu jua likiikausha haraka itapasuka. Kila fundi analijua hilo. Mwenye mjengo analijua, na atanunua maji ya lori mfereji ukikauka, na atapiga simu usiku kuuliza kama slabu imenyweshwa. Enyi wenye mijengo, nawauliza mbele za Mungu: mmelionea zege huruma kuliko mtu? Jiwe mmelitandikia gunia bichi, na aliyelipandisha ghorofani kwa kichwa chake hamkumpa kikombe!

Linganisheni na Boazi, mwenye shamba katika Kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa mgeni, mjane, Mmoabu, mwokotaji wa masazo. Katika orodha ya watu wa shamba lile yeye ndiye wa mwisho. Boazi alimwambia akiona kiu aende kwenye vyombo anywe maji waliyoyateka vijana. Tazameni jambo hili kwa makini. Maji yalikuwa yameshatekwa. Yalikuwa shambani, si nyumbani kwa Boazi. Na mgeni yule hakuhitaji kuomba ruhusa kila akihisi kiu, ruhusa alipewa siku ya kwanza, kwa sauti, wengine wakisikia. Saa ya kula, Boazi alimwita aketi pamoja na wavunaji. Na palikuwa na nyumba ya kupumzikia, maana msimamizi anataja kwamba Ruthu alikaa humo kidogo. Maji, chakula, kivuli, na muda wa kuketi: mwenye shamba wa Bethlehemu alikuwa navyo vyote zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Mwenye ploti wa Tassia mwaka huu hana?

Wengine watasema maji ni ghali, mfereji unatoka mara mbili kwa wiki. Haya, tufanye hesabu. Mtu anayefanya kazi nzito juani anahitaji kikombe cha robo lita kila dakika ishirini, kabla hajaona kiu. Hivyo ni vikombe vitatu kwa saa. Kwa saa nane ni lita sita. Watu kumi ni lita sitini. Mitungi mitatu ya lita ishirini, ndugu! Bei ya mitungi mitatu kwa muuza maji yeyote wa Tassia haifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji. Kwa bei isiyofika mfuko mmoja unaweza kuwalinda watu kumi kutwa nzima, na bado unasema huna. Ongeza turubai na nguzo nne, una kivuli. Na kama zege halingoji, basi anza saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa tatu, ongeza mikono, wagawe watu zamu ili kila mmoja aketi dakika kumi kila saa. Wahandisi wenyewe husema zege linalomwagwa kwenye jua la mchana hupoteza maji na kupasuka. Kwa hiyo utakapomhurumia mtu, hata nyumba yako itafaidika.

Tunayo methali tunayoipenda sana, ya kwamba mchumia juani hulia kivulini. Tumeihubiri mno kwa vijana ili wavumilie. Lakini mimi nimewatazama wazee waliojenga hizi ghorofa. Nani kati yao anakula kivulini? Wamepanga chumba kimoja katika majengo waliyoyainua wao wenyewe, migongo imepinda, wengine figo zimewaharibika na hawakujua kwa nini. Huko Nikaragua na El Salvador, wakata miwa vijana kabisa wamekufa kwa ugonjwa wa figo wakiwa kwenye miaka ya thelathini na arobaini, na waliochunguza wameinyoshea kidole kazi nzito ya juani bila maji ya kutosha. Mahali ambapo wakata miwa walipewa maji, kivuli na mapumziko, figo zilizoumia zilipungua. Basi methali ile tusiihubiri tena kwa kibarua mpaka tumeihubiri kwanza kwa anayemlipa.

Na hii ardhi tunayoikanyaga, mmesahau ilitoka wapi? Tassia ilikuwa ardhi ya NSSF, mfuko wa akiba za wafanyakazi. Shilingi za watu waliokatwa mishahara kwa miaka mingi ndizo zilizoishika kabla haijagawanywa ploti. Mtaa huu umesimama juu ya jasho tangu msingi. Halafu juu ya msingi huo tunawajengesha vijana wasio na akiba yoyote, wasio na bima, wanaolipwa jioni na kusahauliwa asubuhi.

Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa Tassia, watu wasiopungua kumi wakafa. Taifa zima lilikuja kutazama. Lakini jua halifanyi kishindo. Kijana akipata kizunguzungu kwenye ngazi ya miti akaanguka, tunasema ameteleza. Akirudi nyumbani na homa akafa usiku, tunasema ni malaria, au tunatafuta aliyemroga. Hesabu ya vifo hivi haiandikwi popote. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 duniani hukutana na joto la kupita kiasi kazini, na kwamba Afrika ndiyo inayoongoza, wafanyakazi 93 katika kila 100. Tisini na watatu! Hili ni jambo letu kuliko la watu wengine wowote.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali wafanyakazi wanapoyafikia, na inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari kubwa ambayo haijaondolewa. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Kinachokosekana ni saa ya kupumzika. Huko Qatar, kazi ya nje hukatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Falme za Kiarabu nazo zina saa zao za mchana, na Oman vilevile. Sisemi huko ni peponi. Vijana wetu wanaopanda ndege hapo Embakasi wameteswa huko, na wengine wamerudi ndani ya jeneza. Lakini inaniuma kwamba kijana wa Tassia anaweza kukuta saa ya kupumzika jangwani, kwa watu wasiomjua, na asiikute nyuma ya nyumba ya mama yake. Wabunge na wawakilishi wa wadi mnaokuja kuomba kura zetu, tuleteeni saa hiyo katika sheria.

Sasa nageuka kwenu, vijana wa mjengo, watu wa mikokoteni, wachimba mitaro, wauza maji, akina dada mnaosukuma mizigo ya mboga kabla ya mapambazuko. Kuketi kivulini si uvivu. Nani aliwadanganya? Yesu mwenyewe, amechoka kwa safari, aliketi kando ya kisima cha Yakobo yapata saa sita, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Mwokozi wa ulimwengu aliketi, aliomba maji, na hakuona haya. Na ninyi ndugu zetu Waislamu mnaoshika sepeto pamoja nasi, mnajua kwamba Mtume aliagiza sala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka joto lipungue linapozidi ukali. Kama sala yenyewe inaweza kungoja upepo, je, karai haliwezi? Miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimetuangukia katika miezi hii hii ya joto. Mwenye kufunga asibebeshwe kazi ya utosi wa mchana. Apewe ya alfajiri, au ya chini ya paa, na asikatwe ujira wake.

Acheni hizi soda za kuongeza nguvu za bei nafuu mnazoshindilia tumbo tupu. Acheni miraa badala ya chakula cha mchana. Vinakufichia uchovu ambao Mungu aliuweka ili ukuonye. Kunywa maji, kula ugali na mboga yenye chumvi, vaa kofia pana na shati la mikono mirefu lisilobana. Na mgeni aliyetoka mashambani jana, usimshindanishe na waliokwisha kuzoea. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la kazi, na uchunguzi wa Marekani umeonyesha kwamba wengi wanaouawa na joto kazini hufa katika siku zao za kwanza. Mnapomcheka mgeni kwa kuchoka mapema mnamsukuma. Mpeni kazi nyepesi siku za mwanzo. Wewe mkongwe, awe jukumu lako.

Mmoja wenu akishika kichwa kama yule mtoto wa Shunemu, akitapika, akipepesuka, akijibu mambo usiyomuuliza, usimwache aende nyumbani peke yake. Hapo ndipo wengi hupotea. Mlaze kivulini, mvue viatu na shati, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa kipande cha boksi, mtu mwingine apige 1199 au atafute gari la kwenda hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Endelea kummwagia maji mpaka gari lifike. Kama hajitambui, usimnyweshe. Maji ya kuchanganyia saruji yapo hapo hapo. Yatumie yote, slabu itangoja.

Na ninyi akina mama wa ghorofani mnaoita mama fua Jumamosi. Anapanda ngazi na mitungi hadi paa, anafua juu ya zege linalowaka, anaanika chini ya mabati, na malipo yake ni kwa rundo, kwa hiyo hathubutu kusimama. Wewe uko ndani, dirisha wazi. Yule ni dada yako. Mwite ndani saa sita. Mpe kiti, mpe chai na mkate, mpe maji ya kunywa yaliyo safi kama unayompa mgeni wa kanisani. Usingoje aombe. Mwenye shida ya kodi haombi, anaogopa utamwita mwingine wiki ijayo.

Makanisa ya Tassia, nina neno nanyi, na mimi nikiwemo. Tunafunga malango kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ndani kuna mahema, kuna viti mia vilivyopangwa, kuna tangi la maji la lita elfu kadhaa. Nje ya lango mwenye mkokoteni amelala chini ya mkokoteni wake kwa kukosa kivuli. Tunaimba habari za mto wa uzima na tangi letu limepigwa kufuli! Misikiti imetutangulia; bomba la udhu huwa wazi kwa mpita njia, na hakuna anayeulizwa dini. Wazee wa kanisa, fungueni. Wekeni tangi karibu na lango, na kikombe kilichofungwa kwa mnyororo kama mnaogopa kitaibiwa. Wekeni viti kumi chini ya hema kuanzia saa tano hadi saa tisa. Mhubiri asiyeweza kulifanya hilo asisimame tena kuhubiri juu ya Msamaria mwema.

Mwenye mjengo unayesoma karatasi hii, sitaki unipigie makofi, na sadaka yako sijaiomba. Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, agiza mitungi mitatu kwa kila watu kumi na uiweke pale wanapofanyia kazi. Funga turubai. Mwambie msimamizi wako, watu wote wakisikia, kwamba saa sita hadi saa nane hakuna atakayepanda juu, na ujira wa siku ni ule ule. Kijana akianguka, acha hesabu ya mifuko, ingia naye ndani ya gari lako, umpeleke hospitali wewe mwenyewe, na ukae mpaka daktari akuambie hali yake.